Hamu ya Askari Haina Dawa, Hofu Yake Inayo

Kata ya Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, hujulikana na watu wa mbali kwa sababu moja, nayo ni kwamba iko jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Magari yafikayo huko huleta wachimbaji, wachuuzi na watu wa kila namna watafutao riziki. Lakini mara kwa mara, alfajiri, kabla majirani hawajaanza kuamkiana "mwangaluka", gari liendalo Kahama humchukua abiria wa namna nyingine. Naye ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania ambaye siku zake za likizo zimekwisha. Ndani ya begi lake, chini ya nguo, mkewe amemfungia karanga na matobolwa, ingawa wote wawili wanajua kwamba huko aendako hatalala na njaa.

Mara ya kwanza askari huyo alipoondoka, ukoo mzima ulimsindikiza. Wazee walimpa baraka, vijana walimwonea fahari, na mama yake alilia mbele ya watu bila haya. Mara hii anayemsindikiza ni mkewe peke yake, amejifunga kanga mbili kwa sababu ya baridi ya asubuhi, na mtoto yuko mgongoni. Hakuna hotuba wala baraka za wazee. Askari anarudi kazini, na watu wanaona ni jambo la kawaida, kama mwalimu arudivyo shuleni baada ya kufunga mhula.

Kwa kuwa kuondoka huku kwa pili hakupigiwi ngoma, wengi hudhani ni jambo jepesi. La hasha. Kuondoka kwa pili ni kuzito kuliko kule kwa kwanza. Mtu aondokaye mara ya kwanza huenda asikokujua, na ugeni wa safari humsahaulisha nusu ya uchungu. Arudiye baada ya likizo anajua vyema aendako, na amekwisha kukumbushwa anachokiacha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naam, siku ya tatu amepewa jembe, na kwa jembe hilo amekuwa tena mwenye nyumba. Ameziba paa lililokuwa likivuja, amepima mpaka wa shamba na jirani, na amesikiliza kesi ya mbuzi waliokula mahindi. Mtoto mdogo, ambaye siku ya kwanza alimkimbia akidhani ni mtu baki, ameanza kulala kifuani pake. Likizo huisha siku ile ile watu wa nyumba moja wanapokuwa wamezoeana tena.

Ni dhahiri kwamba askari huyo anaondoka na mizigo miwili isiyoonekana. Mmoja ni hamu, na wa pili ni hofu. Hamu ni kumkumbuka mke, sauti yake jikoni, na namna anavyocheka. Hofu ni kujiuliza mke huyo atalima na nani, atagombezwa na nani, atasingiziwa nini, na siku mume akitoweka duniani atafukuzwa na nani. Mizigo hii hufanana kwa nje, kwani yote miwili humnyima mtu usingizi. Lakini asili yake si moja. Hamu hutokana na mapenzi, wala hakuna serikali, kamanda au kijiji kinachoweza kuiondoa. Na kama kingeweza, kisingepaswa. Hofu hutokana na uzembe wa jamii, na kilicholetwa na jamii kinaweza kuondolewa na jamii.

Wapo wasemao kwamba askari amkumbukaye mkewe ni askari legevu. Kwa mawazo yao, mwanajeshi kamili ni yule asiye na nyumba moyoni. Maneno hayo hayana msingi. Mtu asiye na anachokipenda hana anachokilinda. Askari anayekesha kwenye handaki akijua kwamba kuna mlango mmoja Bugarama anaotaka kuurudia, huyo ana sababu ya kuwa macho. Anayestahili kuogopwa na wakubwa wake ni yule ambaye macho yako zamu na akili iko kwenye ugomvi wa nyumbani. Askari wa namna hiyo haangushwi na hamu. Anaangushwa na habari kwamba mkewe amenyang'anywa shamba.

Wapo pia wasemao kwamba mwanamke aliyekubali kuolewa na askari alijua alichokitafuta, basi avumilie. Kweli, alijua. Lakini kujua uzito wa mzigo si sababu ya majirani kukaa kivulini wakimtazama anaubeba.

Historia ya nchi hii ina mafunzo juu ya jambo hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, Wajerumani na Waingereza walipigana katika ardhi ya Tanganyika kwa migongo ya Waafrika. Wanaume wengi, wakiwamo Wanyamwezi na Wasukuma waliosifika kwa kubeba mizigo ya misafara, walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kambi ya wapagazi hao. Katika Vita Kuu ya Pili, vijana wa Tanganyika walichukuliwa tena katika jeshi la mkoloni la King's African Rifles, na baadhi yao walifika mpaka misitu ya Burma. Mkoloni alihesabu risasi, viatu na magunia ya unga. Mke aliyebaki kijijini hakuwa na nafasi katika hesabu ile, kwa kuwa ugomvi haukuwa wake, na jeshi halikuwa lake.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoanzishwa tarehe 1 Septemba, 1964, baada ya maasi ya askari ya mwezi Januari mwaka huo, jina lenyewe lilitoa ahadi. Jeshi likiwa la wananchi, basi familia ya askari ni ya wananchi vilevile. Haiwezekani wananchi wamdai askari kuwa ni wao siku ya gwaride, kisha wamwambie mkewe kwamba shida zake ni za ukoo wake.

Ahadi hiyo ilipimwa katika Vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivamia na kuteka eneo la kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwanzoni mwa Novemba, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba adui atapigwa. Pamoja na askari wa kawaida waliitwa wanamgambo kutoka mikoa yote, na jeshi likakua hadi kupita watu laki moja. Wengi kati ya watu hao walikuwa wakulima, na wito uliwafikia wakati ambapo mvua za Usukumani na Unyamwezi huwa zinaanza. Kila mwenye kujua kilimo cha pamba na mahindi anafahamu maana ya jembe kukosa mkono mwezi Novemba. Lakini mashamba yalilimwa. Yalilimwa na wanawake, pamoja na wazee na watoto waliobaki.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, 1979, na vita vikaisha mwezi Juni mwaka huo. Hata hivyo, si wote waliorudi mara moja. Majeshi ya Tanzania yalibaki Uganda mpaka mwaka 1981. Hapo ndipo penye fundisho. Wakati wa mapigano, taifa zima lilikuwa macho, na kila nyumba iliyotoa mtu ilikumbukwa. Baada ya ushindi, watu walirudi kwenye shughuli zao, lakini wake wa waliobaki ng'ambo waliendelea kusubiri. Kusubiri wakati wa shangwe ni kugumu kuliko kusubiri wakati wa hatari, maana hakuna tena anayeuliza hali. Na wapo ambao hawakurudi kabisa. Baadhi yao wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, mkoani Kagera.

Tangu hapo askari wa Tanzania wametumwa nje mara nyingi. Mwaka 2008 walikwenda Anjouan katika Visiwa vya Komoro kwa niaba ya Umoja wa Afrika. Wamelinda amani Lebanoni, Darfur na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 2013, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipounda kikosi maalumu cha kupambana na waasi mashariki ya Kongo, Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi tatu zilizotoa majeshi, pamoja na Afrika ya Kusini na Malawi. Gharama yake haikuwa ndogo. Tarehe 13 Julai, 2013, askari saba wa Tanzania waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba, 2017, kambi ya Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Mke amsindikizaye mumewe kituoni alfajiri anazijua habari hizo. Hazitaji, naye mume hazitaji. Ndiyo maana mazungumzo yao ya mwisho huwa juu ya mbolea na ada ya shule.

Inasemekana kwamba simu ya mkononi imeimaliza shida hii. Zamani barua ilichukua majuma mengi njiani, na siku hizi mume huweza kuisikia sauti ya mkewe jioni ile ile, na fedha za matumizi humfikia kwa simu hiyo hiyo. Hayo ni maendeleo, na hayapaswi kubezwa. Lakini simu imeleta jambo jingine ambalo halijafikiriwa vya kutosha. Barua ilipofika, ugomvi ulioandikwa ndani yake ulikuwa umekwisha kusuluhishwa. Simu humfikishia askari ugomvi ungali moto. Shemeji anapiga kulalamika, mama anapiga kulalamika, jirani mwenye ulimi anapiga kupeleka umbea. Askari aliye Kongo hupokea kwa usiku mmoja mashitaka ya kijiji kizima, na hana hata njia ya kwenda kutazama. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi kila amwonyeshaye nyoka mtu aliye mbali na fimbo hamsaidii, anamtesa.

Katika ukanda wa dhahabu jambo hili lina uzito wa pekee. Penye dhahabu pana wageni wengi na fedha za haraka. Bei ya chakula na ya pango hupanda kwa kufuata mifuko ya wachimbaji, wala haimngoji mke wa askari. Kadhalika, penye wageni wengi uvumi huota haraka. Mwanamke akisimama sokoni dakika tano na muuza mchele, jioni habari imekwisha kuwa kubwa. Baadhi ya wakwe, kwa kisingizio cha kulinda heshima ya mtoto wao, humgeuza mkaza mwana kuwa mfungwa: asiende gulioni, asiingie kwenye kikundi cha kuweka akiba, asishike hata senti bila ruhusa. Huko si kulinda heshima. Mke wa askari si mali iliyowekwa amana hadi mwenyewe arudi. Ni mwananchi mzima, mwenye akili na haki zake, na kwa muda huo ndiye mkuu wa nyumba.

Sheria za nchi zimekwisha kuonyesha njia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenziwe. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya familia. Uamuzi huo ulikuwa mkubwa, kwa maana uliipa kazi ya jikoni na ya shambani jina lake halisi. Ikiwa kazi hiyo ni mchango katika kujenga nyumba, kwa nini isihesabiwe kuwa mchango katika kulinda nchi? Askari hawezi kukaa mpakani mwaka mzima kama hakuna mtu aliyebeba nyumba yake kwa mwaka huo mzima.

Lakini pengo bado lipo. Mwaka 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi juu ya wajane wawili wa Kitanzania, ambao baada ya kufiwa waliondolewa katika nyumba za waume zao kwa kufuata mila za urithi za Kisukuma. Kamati iliona kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba sheria za mila za namna hiyo hazina budi kurekebishwa. Waume wa wajane hao hawatajwi hapa kwa kuwa walikuwa askari. Habari yao inatajwa kwa sababu ndiyo hofu ya kila askari wa sehemu hizi apandaye gari la Kahama. Anajua kwamba akifa, bendera itafunika jeneza lake na hotuba zitasomwa. Asilolijua ni kama baada ya matanga mkewe atabaki na paa lile alilolitengeneza wakati wa likizo.

Je, kifanyike nini? Kwanza, askari mwenyewe ana wajibu. Likizo si ya kupumzika na kutembelea marafiki tu. Kabla hajaondoka, na aketi na mkewe, wazazi wake na wazee wa ukoo, aseme mbele ya wote shamba ni la nani, ng'ombe ni wa nani, na fedha zitapitia mkononi mwa nani. Katika kumbukumbu za kikosi chake, majina ya mkewe na ya watoto wake yawe sahihi. Wosia uandikwe angali mzima, maana kuandika wosia si kujitakia kifo. Tena uaminifu audaio kwa mkewe, yeye pia autimize huko aliko. Ndoa haina zamu ya mtu mmoja.

Pili, ukoo uache kumsumbua askari kwa simu kwa mambo ambayo baraza la wazee linaweza kuyamaliza kwa siku moja. Mkwe mwenye busara humwita mkaza mwana na kumwambia, "Mwanangu, likikushinda lolote njoo kwangu kwanza, kabla hujamtia mwenzio mashaka." Maneno hayo machache yanaweza kumletea askari usingizi kuliko fedha nyingi.

Tatu, kijiji kina wajibu, tena wa vitendo. Usukumani na Unyamwezi wana desturi ya zamani ya vijana kulima kwa pamoja, shamba la huyu leo na la yule kesho. Si jambo gumu kwa kikundi kama hicho kutenga siku moja ya msimu kwa shamba la nyumba ambayo mtu wake yuko jeshini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vya Shinyanga na Tabora viliunda sungusungu ili kujilinda dhidi ya wezi wa mifugo, bila kungoja kuagizwa na mtu. Kijiji kilichoweza kujipanga kulinda ng'ombe kitashindwaje kujipanga kulinda shamba na jina jema la mke wa askari? Mwenyekiti wa kijiji na aijue nyumba hiyo, na aitembelee kabla ya tatizo, si baada yake.

Isisahauliwe kwamba siku hizi wako pia wanawake waliovaa magwanda, na waume wanaobaki nyumbani na watoto. Mume wa namna hiyo huchekwa kijijini kuliko hata mke asingiziwavyo. Yote yaliyosemwa juu ya mke aliyebaki yanamhusu naye, na wanaomcheka wajue kwamba wanamcheka mtu aliye zamu.

Msemo wa asiyekuwapo na lake halipo ni wa kweli katika mambo mengi, lakini kwa askari ni msemo wa kukataliwa. Yeye hayupo kwa sababu ametumwa, na waliomtuma ndio wanaopaswa kuhakikisha kwamba lake lipo. Jamii ikifanya hivyo, bado mkewe atalia kidogo gari litakapoondoka, na bado naye atageuza uso dirishani mpaka Bugarama isionekane tena. Hiyo ni hamu, na ni haki yao wote wawili. Lakini atakapofika Kahama na kulifungua begi lake ili ale matobolwa, ale kwa moyo mtulivu, akijua kwamba mlango aliouacha umefungwa kwa usalama, na kwamba siku atakaporudi, mwenye kuufungua atakuwa yule yule.